Mgonjwa wa kansa akishikwa na homa, usingoje CRP ipande. Yaliyonikuta mimi mtu wa maabara

#1 Darubini

Wakuu, habari za mchana.

Uzi huu nimeuahirisha tangu mwezi wa tatu kwa aibu. Mimi ni mtu wa maabara, mwaka wa kumi na moja huu nashinda na mashine za damu, na kosa ninalolisimulia hapa ni langu mwenyewe. Msije mkaanza kuwatukana madaktari na manesi.

Mama yangu mdogo ana limfoma, kansa ya tezi za limfu. Alikuwa anatibiwa kwa CHOP, yaani dripu zake tatu na vidonge vya prednisolone vya siku tano. Siku ya kumi baada ya mzunguko wa tatu, saa nne usiku, binti yake ananipigia: "Kaka, mama anatetemeka. Kajifunika mablanketi mawili na Dar yote inachemka." Kipimajoto kinasoma 38.6. Wakampeleka kituo cha karibu, malaria ikapimwa, hakuna. Damu ikatolewa, na ilipofika saa sita kasoro nikatumiwa picha ya karatasi ya majibu kwa WhatsApp.

Niko kitandani, jicho moja limefumba. Nikakimbilia mstari wa CRP, ile protini ya damu inayopanda mtu akiwa na maambukizi: 11. Nikajibu, na ujumbe huo bado ninao kwenye simu, sijaufuta: "CRP haijapanda, hakuna maambukizi ya maana. Mpeni Panadol, asubuhi mpelekeni kliniki yake."

Asubuhi presha ilikuwa 80 kwa 40 na anaongea na marehemu bibi. CRP ya asubuhi hiyo 58. Keshoyake 236. Damu iliyooteshwa maabara kutafuta wadudu ikatoa bakteria aitwaye Klebsiella. Alilala wodini siku tisa, mbili kati ya hizo chumba cha mahututi. Akapona, namshukuru Mungu, na mpaka leo nikienda kumsalimia ananiita "daktari wa WhatsApp".

Sasa kilichoniuma si CRP. Kwenye karatasi ileile, mistari michache juu yake, palikuwa na FBP, yaani hesabu ya chembe zote za damu. Chembe nyeupe 0.6. Nyutrofili, zile nyeupe za kupigana na bakteria, asilimia 15. Mimi ambaye kila siku nawapigia wodi simu kuwaambia "huyu namba zake mbaya", siku hiyo sikupandisha jicho.

Nitaeleza taratibu vipimo hivi vinafanyaje kazi kwa mtu wa kansa, kwa sababu naona watu wanapostiana majibu humu na kupeana moyo kwa namba wasizozijua. Ngoja nile kwanza, narudi.

#2 Mzee Kijiko

Nimeweka kambi hapa na thermos ya chai. Shusha nondo mkuu.

#3 mama_wawili

Pole sana kaka Darubini, na hongera kwa kusema ukweli. Mimi niko kwenye ile dripu nyekundu, mzunguko wa pili, kansa ya titi. Kliniki waliniambia nikipata homa niende. Lakini hawakuniambia kwa nini haraka hivyo. Naomba utueleze kwa lugha ya sisi wa jikoni.

#4 Darubini

Dada mama_wawili, nakuandikia wewe basi.

Dripu ya kansa inaua chembe zinazozaliana upesi. Kansa ni mojawapo, nywele ni mojawapo, na uboho wa ndani ya mfupa, kiwanda cha damu, nao umo. Nyutrofili ndizo askari wa kwanza dhidi ya bakteria, na maisha yake kwenye damu ni mafupi, ni saa tu. Kiwanda kikisimama, ghala linakwisha. Kwa dripu nyingi chini kabisa unafika kati ya siku ya 7 na ya 14. Mama mdogo alikuwa siku ya 10, pale pale shimoni.

Hesabu yake ni ya darasa la tano. Chukua chembe nyeupe zote, zidisha kwa asilimia ya nyutrofili. Kwa mama mdogo 0.6 mara 15 kwa mia ni 0.09. Namba hiyo ni ya maelfu, kwa hiyo ni nyutrofili 90 kwa kila mikrolita ya damu. Mtu mzima wa kawaida ana kuanzia 1,500 au 2,000 na kuendelea. Mstari wa hatari duniani kote ni 500, na chini ya 100 ni hatari kubwa. Hili si jipya: mwaka 1966 Bodey na wenzake huko Marekani waliwafuatilia wagonjwa 52 wa kansa ya damu, wakaonyesha kwamba kadiri nyutrofili zinavyopungua ndivyo maambukizi yanavyoongezeka.

Sasa sikia kinachowapoteza watu. Usaha ni nini? Ni nyutrofili zilizokufa vitani. Mtu asiye na nyutrofili hatoi usaha. Kidonda hakivimbi sana, picha ya kifua inaweza kuonekana safi na huku ana nimonia, mkojo hauna chembe za usaha na huku kibofu kinaungua. Dalili zote tulizofundishwa kuzitafuta zimeondoka pamoja na askari. Inayobaki mara nyingi ni homa peke yake.

Na kwa mtu mwenye kinga tunapima FBP tuone kama chembe nyeupe zimepanda. Wewe hazina pa kupandia. Ndiyo maana watu wakaanza kutafuta vipimo vingine ambavyo havitegemei chembe nyeupe.

#5 mtu_wa_kisumu

Hapa umegusa ndipo. Kwetu kando ya ziwa homa ni malaria mpaka ithibitishwe vinginevyo. Shemeji yangu alikuwa kwa chemo, akapata joto, wakampima kwa kile kipimo cha kidole, ikatoka mistari miwili, wakampa dawa ya malaria wakamrudisha nyumbani. Kumbe alikuwa ametibiwa malaria wiki mbili kabla. Na kipimo kile huendelea kuonyesha chanya kwa wiki kadhaa hata vimelea vikiisha. Bakteria walikuwa wanakula yeye polepole.

#6 Darubini

Mkuu wa Kisumu, umenisaidia sana. Kile kipimo cha haraka cha malaria kinatafuta protini ya vimelea, na protini hiyo inabaki kwenye damu baada ya dawa. Akitoka chanya apakwe damu kwenye kioo, itazamwe kwa darubini. Na hata akiwa na malaria ya kweli, haimzuii kuwa na bakteria pia. Kwa mtu wa kansa mwenye nyutrofili chini ya 500 unatibu vyote viwili, huchagui.

Haya, CRP.

Iligunduliwa 1930 New York, taasisi ya Rockefeller, na Tillett na Francis, wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia. Waliona kuna kitu kwenye damu kinachonasa sukari fulani ya ganda la bakteria wa nimonia, sukari waliyoipa herufi C. Jina likabaki hivyo hivyo. Mgonjwa akipona kitu kile kinatoweka.

Kinatengenezwa na ini. Kengele inapigwa na kemikali iitwayo interleukini-6, ini linasikia, linaanza kazi. Kwa hiyo hata kama huna nyutrofili hata moja, CRP inapanda, na hapo ndipo uzuri wake kwa watu wa kansa. Ubaya wake ni kwamba ini haliamki papo hapo. Saa sita mpaka kumi na mbili za mwanzo CRP inaweza kuwa imelala bado. Kilele chake ni siku ya pili hivi. Mama mdogo alitolewa damu saa moja baada ya kuanza kutetemeka. Ile 11 ilikuwa ni sawa na kuchungulia dirishani saa kumi alfajiri na kusema leo hakuna jua.

Kitu cha pili: CRP haijui tofauti ya bakteria na balaa lingine. Uvimbe wenyewe unaipandisha. Upasuaji unaipandisha. Limfoma na kansa ya figo zinaweza kuleta homa zenyewe, bila mdudu, na CRP ikawa juu wiki nzima. Kuna watu humu CRP yao ya kila siku, wakiwa wazima wanapika ugali, ni 40. Huyo akija na 45 nimwambie nini kama sijui ya jana?

#7 Kipepeo wa Tanga

Mimi CRP yangu iliandikwa 9.6 na rafiki yangu ikaandikwa 96, maabara mbili tofauti, wote tulilazwa wodi moja. Tukawa tunabishana nani mgonjwa zaidi 😂

#8 Darubini

Kipepeo, angalieni kipimo kilichoandikwa mbele ya namba. Maabara nyingine zinatoa miligramu kwa lita, nyingine miligramu kwa desilita. Desilita ni sehemu ya kumi ya lita. 9.6 yako na 96 ya rafiki yako huenda ni ugonjwa uleule. Nimewahi kuona mgonjwa amehamishwa hospitali na karatasi inaonyesha CRP "imeshuka" kutoka 120 hadi 14, ndugu wanashangilia, kumbe imepanda hadi 140.

Na kuna maabara ndogo zinazotumia ile CRP ya kuchanganya tone kwenye kioo cheusi, vikigandana wanaandika "chanya". Ile inaanza kugandana kuanzia 6 hivi. Kwa mtu wa kansa "chanya" haina maana yoyote. Omba namba.

#9 TibaYaAsili_TZ

Haya yote ni biashara ya wazungu. Nina mchanganyiko wa mlonge, tangawizi na mizizi saba, unapandisha chembe nyeupe kwa siku tatu na CRP inarudi sifuri. Njoo inbox.

#10 Mzee Kijiko

Mizizi saba! Ya nane imebaki wapi?

#11 Darubini

TibaYaAsili, wewe nakuomba kwa heshima usiuze kitu kwenye uzi huu. Mtu mwenye nyutrofili 90 ukimpa kinywaji kilichochemshwa nusu kwenye ndoo, unampa bakteria wa udongo mdomoni, kwenye utumbo ambao ngozi yake ya ndani imechubuliwa na dripu. Bakteria wengi wanaoua wagonjwa hawa wanatoka kwenye utumbo wao wenyewe. Moderator tafadhali.

Sawa, prokalsitonini. Wodini wanasema PCT.

Hii ina kisa. Ni mama wa homoni ya kalsitonini inayotengenezwa kwenye tezi ya shingo, mnyororo wa asidi amino 116. Mtu mzima wa afya karibu hana kabisa kwenye damu, chini ya 0.1. Mwaka 1993 Wafaransa, Assicot na wenzake, waliandika kwenye Lancet kwamba watoto wenye maambukizi makali ya bakteria wanayo kwa wingi sana. Ikaja kujulikana kwamba wakati wa vita ya bakteria si tezi peke yake inayoitoa, viungo vingi mwilini vinaanza kuimwaga.

Inawahi kuliko CRP. Baada ya saa tatu nne hivi inaanza kuonekana, kilele ndani ya siku moja, na chanzo kikiondoka inapungua nusu kila siku hivi. Virusi haviipandishi sana, kwa sababu kinga ya virusi inatoa kemikali inayoizuia. Uvimbe wenyewe kwa kawaida hauigusi kama unavyoigusa CRP. Kwa hiyo mtu wa limfoma mwenye homa ya kila jioni, CRP 80 na PCT 0.08, daktari anaanza kufikiria homa ya uvimbe. Akiwa na PCT 6 hakuna wa kubishana.

Ila nayo ina wapotoshaji wake. Kansa fulani ya tezi ya shingo inaitoa yenyewe, na ya mapafu ile ya chembe ndogo inaweza pia. Malaria kali inaipandisha, na sisi tuko huku. Fangasi mara nyingi inaiacha chini, na fangasi ni muuaji kwa watu hawa. Bakteria waliojificha sehemu moja, mfano kwenye mpira wa dripu uliowekwa kifuani, wanaweza kukuachia 0.3 tu.

Bei yake ni ya juu kuliko CRP na mikoani mashine ni chache. Wenye CRP peke yao msijione mmekosa kila kitu.

#12 Dokta wa Wilaya

Nimesoma kimya, sasa niingie. Mtu wa maabara unaeleza vizuri, ila unaelekea kusema kila homa apewe antibiotiki hapo hapo. Mimi niko hospitali ya wilaya, ceftriaxone tumeitumia mpaka wadudu wanaicheka. Kila anayepita na 38 akichomwa sindano, miaka mitano ijayo tutawatibu kwa maombi. Hivi vipimo vililetwa ili tupunguze dawa, sasa wewe unasema tusivitegemee. Tufanyeje?

#13 Mbongo wa Midlands

Dokta, niko Uingereza, nesi wa wodi ya saratani. Hapa mgonjwa anayeanza kemo anapewa kadi ya kubeba kwenye pochi na namba ya simu ya saa 24. Mwongozo wa NICE, taasisi ya hapa inayotoa miongozo ya matibabu, wa mwaka 2012 unasema CRP ipimwe, laktati ipimwe, FBP, figo, ini, damu ioteshwe, LAKINI dawa ianze bila kusubiri majibu. Lengo letu ni ndani ya saa moja tangu aguse mlango. Mapokezi akionyesha kadi hapangi foleni. Nimeshaona mtu anaingia anatembea, anatania, saa mbili baadaye presha haipo. Ukiona hivyo mara moja huwezi tena kubishana na kipimajoto.

#14 Darubini

Dokta nakuheshimu na hoja yako ni ya kweli, sitaikwepa.

Mimi nasema mambo mawili tofauti yanachanganywa. Kuanza dawa ni swali moja, kuacha dawa ni swali jingine. Kwa kuanza, kwa mtu mwenye nyutrofili chini ya 500 au anayetegemewa kufika huko, homa inatosha: 38.3 mara moja, au 38.0 inayokaa saa nzima. CRP ikiwa 5, anza. PCT ikiwa 0.1, anza. Hata mwongozo wa Marekani wa 2010 ulisema ushahidi hautoshi kuvitumia vipimo hivi kuamua nani anyimwe dawa. Kwa sababu ukikosea unakosea kwa masaa, na masaa ndiyo anayokufa nayo.

Kwa kuacha, hapo ndipo napenda vipimo hivi. Siku ya tatu, ya nne, joto limeshuka, CRP imetoka 180 imekuja 60, PCT imetoka 8 imekuja 0.7, damu haikuotesha kitu, nyutrofili zinarudi: hapo una sababu ya kufunga dripu badala ya kuendelea siku kumi na nne kwa woga. Kule wodi za mahututi wana kanuni ya kuacha PCT ikishuka asilimia 80 toka kileleni au ikifika 0.5. Lakini Dokta unajua kuliko mimi, tafiti kubwa zilizoijenga kanuni hiyo ziliwaacha nje watu wa aina ya mama mdogo wangu. Kwa hiyo kwa hawa inasaidia kufikiri, haikuamulii.

Na si kila mmoja alazwe. Kuna alama za MASCC, za mwaka 2000, zinahesabu umri, presha, alivyo hoi, kama ana ugonjwa wa mapafu na kadhalika. Akifika 21 na kuendelea hatari yake ni ndogo, anaweza kupewa vidonge na kufuatiliwa kwa karibu. Kwa karibu maana yake awe na mtu, simu na usafiri. Sio anayekaa ng'ambo ya kivuko.

#15 Dokta wa Wilaya

Hapo tumeelewana. Niongeze na langu: CRP ikibaki juu siku ya nne ya tano na homa haijakoma licha ya dawa nzuri, sisi ndipo tunaanza kuogopa fangasi. Namba isiyoshuka inaniambia zaidi kuliko namba iliyopanda.

Ila niseme na watu wa maabara pia. Mnatuletea damu ya kuoteshwa mililita tatu kwenye chupa ya mtu mzima halafu mnaandika "hakuna kilichoota". Kingeota nini?

#16 Darubini

Ukweli mtupu, ingawa mara nyingi anayetoa damu ni huko kwenu 😄

Chupa ya mtu mzima inataka mililita 8 mpaka 10, na ziwe za mikono miwili tofauti, KABLA ya dawa. Bakteria kwenye damu ni wachache sana, pengine mmoja kwa mililita. Ukichota kijiko utamkosa. Ngozi isafishwe na iachwe ikauke, usiipulizie kwa mdomo, nimeona hilo kwa macho yangu. Mkono mmoja ukiotesha wadudu wa ngozi na mwingine haukuotesha, tunajua ni uchafu wa kwenye ngozi. Mwenye mpira kifuani, damu itoke kwenye mpira na mkononi wakati mmoja. Ile ya mpira ikiota saa mbili au zaidi kabla ya ya mkononi, mpira ndio mwenye mdudu.

Hata ukifanya yote sawasawa, wengi wa wenye homa hii damu yao haioteshi kitu. Ndiyo maana tunang'ang'ana na hizi CRP na PCT.

Na jambo la mashine: chembe nyeupe zikishuka chini ya 1.0, zile asilimia za nyutrofili mashine inakisia. Zinahesabiwa chembe chache mno. Hapo damu inapakwa kwenye kioo, inapigwa rangi, na mtu anakaa na darubini anahesabu. Usiku mimi nikihesabu mia moja naweza kutumia nusu saa natafuta tu, kioo kizima jangwa, chembe nyekundu zimetapakaa, halafu nyeupe moja hiyo imejikunja pembeni ya kioo. Ukiipata unataka kuisalimia.

#17 Kipepeo wa Tanga

Swali: mbona mimi walinipima CA-125 na wakasema imeshuka, je si ina maana sina maambukizi?

#18 Darubini

Hapana dada. Hiyo inafuatilia uvimbe wa ovari. Haina habari na bakteria. Ni kama kuuliza luku kama kuna maji bombani.

#19 mtu_wa_kisumu

Na Panadol je? Hapa nyumbani joto likipanda kitu cha kwanza ni Panadol.

#20 Mbongo wa Midlands

Tunawaambia: pima kwanza, piga simu, ndipo tuzungumze Panadol. Ukimeza kabla, unafika hospitali 37.1 na nesi wa mapokezi anakuona mzima. Na wale wa prednisolone au dexamethasone, yaani steroidi, dawa hizo zenyewe zinazima homa. Kuna wanaofika hawana joto kabisa, wamelegea tu, wanasema "sijisikii vizuri tangu mchana". Huyo pia tunamchukulia kama mwenye homa.

#21 Darubini

Hii ya steroidi ndiyo iliyonimaliza. Mama mdogo alikuwa amemaliza vidonge vyake siku tano kabla, kwa hiyo homa ilitoka wazi. Angekuwa bado anameza, pengine nisingepata hata ile simu ya saa nne. Na steroidi hizo hizo kwa mtu ambaye uboho wake bado unafanya kazi zinapandisha chembe nyeupe, kama sindano za kupandisha chembe zinavyofanya. Unaona chembe nyeupe 18 kwenye FBP, unadhani maambukizi, kumbe ni dawa.

#22 mama_wawili

Nimeandika kwenye daftari. Kaka, nikifika kituoni usiku nikakuta kijana hanijui, nimwambie nini kwa ufupi? Maana wakiona natembea na nimejipaka poda wananiambia kaa kwenye benchi.

#23 Darubini

Usiseme "nina homa", homa wanayo wote kwenye benchi. Sema hivi, simama mbele yake: "Niko kwenye dripu za kansa, leo ni siku ya kumi, joto langu ni 38.4, kinga yangu iko chini." Mwonyeshe kadi ya kliniki au picha yake kwenye simu. Damu ichukuliwe, dawa ianze. Majibu ya CRP yatakukuta kitandani. Na hifadhi majibu yako ya siku unapokuwa mzima, CRP na FBP za kabla ya kila mzunguko, ili yeyote atakayesoma ya usiku ajue yako ya kawaida ni ngapi.

#24 Mzee Kijiko

Mke wangu kaniuliza nasoma nini tangu asubuhi, nikamwambia nasoma ini. Leo nimekwenda duka la dawa nimenunua kipimajoto, dada yangu anaanza dripu Jumatatu. Cha betri, sio kile cha zebaki.

#25 mama_wawili

Wapendwa, narudi baada ya siku kumi na tatu.

Alhamisi usiku saa tano na nusu, 38.2. Nikasubiri dakika ishirini kwa ubishi, 38.5. Sikumeza kitu. Mume wangu akaita bajaji. Nilimwambia kijana wa mapokezi maneno ya kaka Darubini neno kwa neno, siku ya kumi na moja, akanitazama, akainuka. Damu mikono miwili, chupa mbili mbili. Sindano ya kwanza ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi, niliitazama saa ya ukutani.

Majibu ya usiku huo: CRP 14, PCT 0.3, nyutrofili 210. Daktari wa zamu akasema "mbona vipimo viko sawa sawa", nikamwambia usiondoe dripu tafadhali. Hakuiondoa.

Asubuhi: CRP 49, PCT 4.1. Jumamosi CRP 150. Jumapili 118, PCT 1.9, joto 36.9. Damu iliota bakteria wa E. coli, mkono wote wawili.

Leo niko nyumbani, nimekaa barazani. CRP ya mwisho 22.

#26 Darubini

Dada. Nimesoma mara tatu. Karatasi ya 14 na 0.3 usiitupe, nataka niwaonyeshe vijana wangu wa maabara, ukiridhia, ukikata jina. Nyutrofili za leo ngapi?

#27 mama_wawili

2,300. Jina nimelikata, nakutumia inbox. Na mikono yote miwili, sio mkono wote wawili, mwanangu mkubwa amenisahihisha 😂